Neno Chini ya Uso Wangu

Neno lenyewe nililiona kwa mara ya kwanza likiwa limechapishwa chini ya uso wangu. Lilikuwa kwenye bango la plastiki, refu kuliko mlango, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo za baraza ya hospitali kule Mweso, pale wagonjwa wa kifua kikuu wanapongojea dawa. Uso ulikuwa wangu. Shingo pia ilikuwa yangu, nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa. Chini yake, kwa herufi nyeupe, waliandika RESILIENCE. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuning'inizwa pale. Kwetu picha kubwa namna ile hutengenezewa marehemu, kwa hiyo watu waliokuwa wakikohoa kwenye benchi walinitazama mimi, wakatazama bango, wakanitazama tena, na mama mmoja akanipa pole kwa msiba wa ndugu yangu pacha.

Naandika haya kwa kuwa nimepona, na kwa kuwa najua leo kuna mtu amekaa kwenye benchi lile, bahasha ya picha ya mapafu iko mapajani, na ataambiwa neno hilo kabla hajaambiwa daktari anafika lini. Nataka alisikie kwangu kwanza.

Mimi ni mtu wa Kibua, huko Walikale, mtoto wa mtega mitego. Nilioa upande wa Masisi, nikaacha msitu, nikawa mtu wa maharagwe na viazi kwenye kilima kilicho juu ya njia ya Kitshanga. Wananiita Papa Bahati, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Na kabla sijaugua nilikuwa mbebaji wa kipoyi.

Kwenye vilima vyetu pikipiki haifiki kila mahali, na gari ndiyo usiseme. Mgonjwa akizidiwa, au mama akishikwa na uchungu, analazwa kwenye kipoyi, kitanda cha mianzi na kamba kinachobebwa mabegani na watu wanne. Kila nyumba lazima itoe mtu. Wanne wanabeba, wengine wanafuata mikono mitupu wakingoja zamu. Aliyechoka anasema "Bega", na aliye karibu anaingia chini ya mti wa kubebea bila kuuliza. Haulizwi mtu mbona mapema, wala mbona mwenzake bado. Na ole wake anayemwambia mbebaji "vumilia". Huyo anatozwa kidumu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu mbebaji anayevumilia ndiye anayeteleza kwenye tope na kumwaga mgonjwa bondeni. Nilibeba miaka mingi, nikasema "bega" mara nyingi kuliko nilivyosema sala, na hakuna aliyeniona dhaifu.

Kisha nikaanza kukohoa. Ilikuwa wakati wa kupanda maharagwe. Nilidhani ni vumbi, baadaye nikadhani ni baridi ya mlimani, halafu shati langu likawa linaamka limelowa jasho hadi unaweza kulikamua. Mke wangu, Mama Bahati, hakudhani kitu. Aliona damu kwenye jani nililotemea, akanifungia nguo zangu ndani ya kitenge, akaenda kumwita Papa Janvier. Huyu ni jirani yetu, na kwa miaka yote ile tulikuwa tukishika mbele pamoja, yeye mti wa kulia, mimi wa kushoto. Asubuhi ile nililala kwenye kipoyi ambacho kamba zake nilizifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifunika uso kwa aibu. Njia nzima hadi Mweso nilisikia "bega" mbele, "bega" nyuma, na kitanda hakikuyumba.

Dawa za kwanza nilizimeza tangu kupanda hadi kuvuna. Mkojo ulikuwa na rangi ya mafuta ya mawese. Wenzangu walipokuwa wakipepeta maharagwe, mimi bado nilikuwa nakohoa, basi makohozi yangu yakapelekwa kwenye mashine, na jibu likarudi kwamba kifua changu ni cha aina sugu, kinachozicheka dawa za kawaida. Tukaanza upya. Vidonge vingine, kiganja kizima, kila asubuhi mbele ya macho ya muuguzi, katika mvua kubwa, katika kiangazi, na mvua ikarudi bado nameza.

Watoto tuliwapeleka Kibua kwa dada yangu ili nisiwaambukize. Njia ya kule si ya kwenda kusalimia na kurudi. Vita vikiifunga, inafungwa msimu mzima. Mama Bahati akabaki peke yake na shamba, na kila Jumapili alishuka Mweso na sombe, majani ya muhogo, ndani ya bakuli langu, bakuli ambalo alilifunga uzi mwekundu ukingoni ili lisichanganyike na ya nyumbani. Alifanya vile alivyofundishwa. Lakini uzi ule uliniuma kuliko kikohozi, na nilimnunia kwa ajili ya uzi huo, naye akaninunia kwa kumnunia, na Jumapili nyingine tulikaa tukitazama sombe ikipoa.

Mwili wangu sikuujua tena. Ngozi iliiva ikawa nyeusi yenye wekundu, kama nyama iliyokaa juu ya moshi. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Mazuri yalikuwa madogo, nami nayakumbuka yote. Muuguzi Godelive, aliyetupa dawa, alipasha maji ya kunywea kabla hatujaamka, kwa kuwa alijua maji ya baridi yanaturudisha vidonge mdomoni. Mzee mmoja kutoka kambi ya Kitshanga alikuwa akinishikia nafasi mwisho wa benchi, mahali jua linapofika mapema. Hatukuwa tunazungumza sana. Alikuwa akiondoa kofia yake pale nilipotakiwa kukaa.

Katika siku hizo ndipo walipokuja na kamera. Lilikuwa shirika moja, jina lake halina faida hapa. Liliongozwa na kijana wa Goma mwenye kizibao cha mifuko mingi, ambaye kazi yake iliitwa animateri, yaani kutukusanya, kutueleza mambo na kutupigisha makofi. Alifuatana na mama mgeni, mzungu, aliyesimama upande ambao upepo unatoka. Mama yule aliniuliza kupitia kwa kijana nimemeza dawa tangu lini. Nikamwambia tangu maharagwe yaliyotangulia haya yaliyotangulia. Akashika kifua chake, akasema neno kwa Kiingereza. Nikauliza maana yake.

"Anasema uko na rezilyensi, Papa," kijana akanijibu. "Njo ile nguvu yenye haiishake. Mambo inamupiga muntu, anainama, lakini havunjike. Anarudia vile alikuwa."

Nilifurahi, kusema kweli. Mtu aliyekonda vile hata akisifiwa kucha anafurahi. Lakini walipoondoka niliendelea kuliwaza, maana kitu kinachoinama na kurudi mimi nakijua tangu utotoni. Ni kijiti cha mtego. Unakiinamisha hadi chini, unakifunga kitanzi, mnyama akigusa kinaruka juu. Baba yangu alikuwa akizunguka msituni kuvifungua vijiti ambavyo havijashika kitu, kwa sababu kijiti kilichoachwa kimeinama mvua nzima hakirudi tena, kinabaki na upindo wake. Hakuna aliyekisifu kijiti kwa kuinama, na kikiharibika hakuna aliyekilaumu. Aliyelaumiwa ni mtegaji aliyekisahau.

Tangu hapo nikaanza kulifuata neno lile kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi aliyekula mahindi yake. Nililisikia likisemwa kwa mama aliyezaa njiani akikimbia risasi. Nililisikia kwa watu wa kambini, mvua ilipobomoa vibanda vyao. Mzee wa kofia alinisimulia jinsi walivyopangwa mstari, wakaambiwa wana rezilyensi kubwa, kisha gari likaondoka na maturubai yakabaki kuwa ahadi. Nililiona kwenye fulana na kwenye kikombe cha chai. Sikulisikia hata siku moja likisemwa kwa mwenye gari, wala kwa mkubwa wa ofisi. Hao wakiugua wanapelekwa kwa daktari. Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi, ukitaka kujua neno linatumikaje, tazama kinachofuata likishasemwa. Hili likisemwa, watu wanaaga.

Hasira yangu ilikuwa bado ndogo wakati ule. Ilikua pamoja na miguu.

Miguu ilianza kuwaka moto kwenye nyayo, kama nimekanyaga pilipili. Baadaye moto ukazimika, na ule uzimaji ulikuwa mbaya kuliko moto, kwa sababu ardhi nayo ilipotea. Nilikuwa naweka mguu chini bila kujua kama umefika. Nilimwambia Godelive siku ileile. Alinieleza wazi kwamba moja ya zile dawa inaweza kula mishipa ya fahamu, kwamba wa kuipunguza ni daktari peke yake, na kwamba ikiachwa miguu haitarudi. Daktari alikuwa anatoka Goma mara moja kwa mwezi, njia ikikubali. Mwezi ule njia haikukubali. Mwezi uliofuata alifika, akaona waliotangulia, akaondoka kabla giza halijamkuta barabarani, nami nikiwa nimebakiza watu wachache mbele yangu.

Ndipo nikamwendea animateri, maana alikuwa na simu, gari, na masikio ya wakubwa. Nikamweleza miguu. Alinishika mkono kwa upole sana.

"Papa Bahati, wewe njo mufano yetu," akasema. "Vumilia kidogo. Bagonjwa bengine bakisikia unalalamika, batakataa dawa."

Kwenye kilima chetu angelipa kasiksi. Nilimtazama kijana yule, na sikuwa na cha kumtoza. Aliniambia vumilia mimi, mbebaji, tena wakati mgonjwa aliye kwenye kipoyi ni mimi mwenyewe.

Jumapili iliyofuata Mama Bahati alininawisha miguu. Akaacha ghafla na kulisogeza karai kando.

"Huu mwiba iko hapa tangu lini?" akauliza.

"Mwiba gani?"

 Aliubonyeza kwa kidole, akinitazama usoni. Akaubonyeza tena kwa nguvu zaidi, damu ikatoka, na mimi nilikuwa bado nangoja aanze. Nilidhani atalia. Akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki kuliko yangu.

"Banasema uko na nguvu," akasema. "Ile nguvu ni mugongo yangu. Ni mimi niko nalima, ni mimi niko nalala pekee, batoto yangu iko Kibua. Nani alinipiga mimi picha? Nani aliniuliza kama inauma?"

 Kisha akasema lile tulilokuwa tukilikwepa wote wawili. Shamba letu liko kwenye mteremko. Mtu asiyesikia miguu yake hawezi kusimama pale na jembe, na shamba linalolala msimu mmoja kwetu hupata mwenye jipya. Bila shamba, watoto wangerudi wapi? Miguu yangu ikifa, nyumba yetu ingekuwa kibanda cha kambini, na mimi ningekuwa bango. Alinitoa mwiba kwa pini ya nywele, akanifunga kitambaa, akapanda mlima peke yake.

Safari iliyofuata ya daktari ilikuja siku moja na wageni. Waliondoka Goma kwenye gari moja, maana yake wangerudi pamoja. Asubuhi mstari wetu ulisimamishwa. Tuliambiwa tukae uani chini ya bango, tuimbe kwanza, ushuhuda ufuate, na daktari baadaye kama saa zitaruhusu. Daktari mwenyewe aliwekwa kwenye kiti kati ya wageni, akitazama saa yake. Niliwekewa kiti changu mbele ya watu wote. Animateri aliinama sikioni kunikumbusha nieleze nilivyovumilia, na miguu nisiitaje, leo si siku yake.

Upande wa majani, karibu na mlango wa hospitali, nilimwona Papa Janvier. Walikuwa wamemshusha mwanamke mgonjwa alfajiri ile, na sasa walikuwa wamekaa na kipoyi kitupu, wakila viazi vya kuchoma, wakingoja mvua ipungue huko juu ndipo wapande. Alininyanyulia kiazi kunisalimia.

Nyimbo zikaisha. Yule mama mgeni akasimama na kuniuliza, kwa sauti nzuri ya mtu asiye na ubaya, nguvu yangu isiyokwisha naitoa wapi. Animateri akatafsiri na kuniwekea kipaza sauti mdomoni. Nikasimama. Ilikuwa kama nimesimama juu ya miguu ya mtu mwingine. Nyuma ya wageni nilimwona dereva akipanga masanduku yao garini.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nilikuwa nayanoa tangu ile Jumapili. Yalinitoka yote kichwani. Lililobaki ni moja.

"Bega," nikasema.

Animateri aliniuliza chinichini bega gani. Sikumwangalia. Nilikuwa namwangalia Papa Janvier, naye alikuwa amekwisha simama. Hakuuliza. Aliweka kiazi chake juu ya jiwe, akaja, na wenzake wakainuka nyuma yake na kipoyi, wakapita katikati ya wageni wakisema pardon, pardon, kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Walinilaza. Wakanyanyua. Animateri akasimama mbele yao mikono imetanuka, akisema programu bado haijaisha.

"Muntu amesema bega," Papa Janvier akamwambia. "Kwetu hatuulizake."

Wakamzunguka kama wanavyozunguka jiwe njiani, wakanibeba hadi mlango wa chumba cha daktari, wakaniweka chini. Daktari alikuja nyuma yao karibu akikimbia. Aliniondoa kitambaa, akanichoma kwa ncha ya pini mahali pengi, akiniambia niseme nikisikia. Nilikaa kimya muda mrefu. Aliponyanyua uso alikuwa amebadilika rangi. Aliuliza jambo hili limejulikana tangu lini na kwa nini yeye hakuambiwa. Godelive, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti iliyofika uani kwamba alilipeleka kwa shirika kila mwezi, na kwamba kila mwezi ilijibiwa kuwa mgonjwa huyu ni imara. Ile dawa ilisimamishwa hapohapo. Wagonjwa wengine wakajipanga nyuma ya kipoyi, na daktari aliwaona wote, masanduku yakingoja garini. Mama mgeni alikuja hadi dirishani, macho yamemjaa machozi, akawa anauliza neno lile nililosema lina maana gani. Sijui walimtafsiria nini.

Nilimaliza vidonge wakati wa kuvuna. Makohozi yalitoka safi, yakarudiwa, yakatoka safi tena. Njia ya Kibua ilipofunguka watoto walirudi, wa mwisho akanificha uso kwa kuwa hakunijua. Mama Bahati alikata uzi mwekundu kwenye bakuli kwa meno yake, na siku hiyo tulicheka kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kukohoa. Mguu wa kulia ulirudi polepole, kwanza na moto, nami niliushangilia moto. Vidole vya kushoto havikurudi. Kila jioni navikagua kwa mkono, kama mtu anayehakiki watoto wake wako ndani. Nalima, lakini sehemu ya juu kabisa ya mteremko nimemwachia Mama Bahati, na hilo halijaacha kuniudhi. Vidole vile vingekuwa hai kama mtu angeacha kunisifu mapema.

Mradi wao ulipokwisha, bango hakuna aliyelikumbuka. Godelive alilifungua akanipa. Ni plastiki nzuri, maji hayapiti. Tunafunikia maharagwe yakianikwa, na Mama Bahati hulilaza uso ukiwa chini, anasema amechoka kuniona nimekonda.

Wewe wa kwenye benchi, meza dawa zako zote, hata zile zinazokutapisha. Lakini mwili ukikuambia jambo, liseme siku hiyohiyo, lirudie, na wakikuambia vumilia, mtafute mtu aliyebeba mzigo akajua maana ya kuchoka. Wapo. Wakati mwingine wamekaa kwenye majani wanakula viazi.

Mimi siwezi tena kuingia chini ya mti. Mguu wa kushoto hauoni njia. Basi natangulia mbele ya kipoyi na panga, nakata matawi na kusikiliza. Mvua iliyopita tulimshusha mama mwenye uchungu. Nyuma, mti wa kushoto, alikuwepo mtu mgeni kwetu, aliyekimbilia hapa kutoka Walikale, ndiyo mara yake ya kwanza kubeba nasi. Nilisikia pumzi yake kabla sijageuka. Meno yalikuwa yameuma mdomo, macho ameyakaza mbele kama mtu anayepigwa picha. Nikasimamisha kipoyi.

"Sema," nikamwambia.

"Niko na nguvu bado, Papa."

"Hakuna mwenye amekuuliza nguvu."

Akatazama chini, kwenye tope, kisha akalisema, kwa sauti ndogo sana. Neno halijamtoka lote, Papa Janvier alikuwa amekwisha ingia chini ya mti.